Zabibu za Shangazi Mastura

Shangazi Mastura, muuza machungwa wa Muheza, alirudi kutoka hospitalini amesafishwa kizazi. Aliambiwa ilikuwa mimba zabibu. Bibi akafoka, "Si nilikukanya zile zabibu za kwenye pilau?" Shangazi akaamini. Akawa hakai, hatulii, anajilaumu tu.

Na mimi sikutulia. Alipokwenda kupimwa damu nikamfuata, nikamwuliza nesi.

"Zabibu ni umbo tu, mwanangu. Kondo la nyuma huota vijifuko vya maji, kama kichala, na mtoto hakui. Si kwa chochote alichokula shangazi yako."

Shangazi akashusha pumzi. "Basi nishike mimba nyingine mwezi huu?"

"Thubutu! Mpaka kipimo cha damu kioneshe vijifuko vimekwisha, na daktari akuruhusu. Huweza kuota tena."

Shangazi akanuna, lakini tarehe ya kurudi aliiuliza mara tatu.