Nilitafuta resoti ya fungate ambako hakuna mtu atakayeniita afande

Wakuu, salamu zenu. Miaka yote nasoma nyuzi zenu bila kuandika neno. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na hata ana kwa ana siongei sana.

Haya yamenitokea mwenyewe. Kama ningetaka kudanganya, ningechagua uongo unaonipa sifa.

Mimi nashona makochi Malukhu, hapa Mbale. Babu yangu alikuwa askari enzi za utawala wa jeshi, akakaa kambini Jinja. Hizo siku hazisimulii. Kilichobaki ni kwamba nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili tupu.

Kwa Uganda hiyo inatosha, maana wengi huku Kiswahili wanakijua kama lugha ya askari. Nikiagiza chai tu, mtu anauliza, "Afande, na sukari?"

Nina kilo hamsini na mbili, wakuu.

Mke wangu Rehema ni wa Nkoma, hapa hapa Mbale. Kwao kuna shangazi ambaye akisikia Kiswahili mlangoni, anaingia chumbani kwanza ndipo anauliza ni nani. Kuhusu fungate, Rehema aliomba kitu kimoja.

"Nipeleke mahali ambapo kwa siku tatu hakuna atakayekuita afande. Nimeolewa na fundi makochi, nataka kukaa na fundi makochi."

Nikatafuta kwenye simu miezi miwili. Resoti moja ilikuwa na bwawa la kuogelea, lakini mimi na kaptula hatujazoeana. Nyingine ilikuwa na muziki kila jioni. Mwishowe nikapata moja Jinja, mtaa unaitwa Kimaka. Bustani, mto Nile, na maneno haya: "utulivu na usalama wa uhakika".

Usalama ulikuwa wa uhakika kweli. Kimaka ndiko kuna chuo cha maofisa wakubwa wa jeshi. Mimi nilidhani mambo ya askari Jinja yaliisha na ujana wa babu. Mlioko Jinja, chekeni polepole.

Tulipofika, mapokezi tulimkuta mzee mmoja, mtunza bustani, amemshikia binti wa mapokezi nafasi. Luganda yangu ni mbovu, na Kiingereza nikiwa na haya hakitoki. Nikasema kwa Kiswahili, "Habari mzee, tuna chumba hapa."

Mzee akavua kofia, akanyooka. "Karibu afande. Karibu madam."

Rehema akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Tulikuwa tumelipia chumba cha nyuma, karibu na jiko. Tukapewa kinachotazama mto. Nikajiambia nitasahihisha kesho.

Kesho ikawa keshokutwa. Samaki wangu alikuja mkubwa kuliko wa wageni wengine. Asubuhi maofisa wa kweli walipita barabarani wakikimbia na kuimba, na mhudumu akaniuliza kwa heshima mbona sikutoka nao.

"Afande yuko likizo," Rehema akamjibu, akaendelea kula. Hakucheka. Hilo ndilo liliniogopesha.

Siku ya tatu yule mzee akaja barazani kwetu. Shati limepigwa pasi. Akamsalimu Rehema, kisha akanigeukia.

"Afande, samahani. Mdogo wangu alichukuliwa na askari miaka ile, hapa hapa Jinja. Alikuwa anauza viatu sokoni. Wewe ni mtu wa ofisi, huko kuna mafaili ya zamani. Niulizie tu walimweka wapi."



Nikasema, "Mzee, mimi si afande. Nashona makochi Mbale. Nilipaswa kusema siku ile ile."

Akatazama vidole vyangu, vina makovu ya sindano. "Jana nilishaanza kujiuliza. Ulimsalimu mfagiaji."

"Sasa mbona bado umemuuliza?" Rehema akasema.

"Mama, namuuliza kila anayeongea Kiswahili cha namna hii. Yuko mmoja atakayejua."

Rehema akachukua bahasha, akaandika jina la huyo mdogo. Njiani kurudi hakuninunia. Aliniambia tu, "Leo nimekaa na fundi makochi," akanipa bahasha. "Mpelekee babu."

Nilimkuta babu anasikiliza redio. Nikamsomea jina, nikamwambia ndugu yake anamtafuta. Sikusema zaidi.

Babu akazima redio.

"Yule wa viatu?" akauliza.

Viatu sikuwa nimemtajia.

Hajaniambia lingine, ila anataka nimpeleke Jinja. Tunaondoka Ijumaa baada ya swala. Nimepiga simu resoti, nikataja jina langu na kazi yangu, nikaomba chumba cha karibu na jiko.

Funzo ninalo moja. Unapochagua resoti usiangalie picha tu, uliza na majirani ni nani. Na ukipewa chumba kisicho chako, sema hapo hapo.

Ila kuna jambo silijui, na ndilo limenifanya niandike. Aliyewahi kumpeleka mzee wake kwa mtu kama huyo anisaidie hapa chini: pale mlangoni, mimi nianze kwa kusema nini?