Kiboko Aliyepelekwa Maktaba

Filister ni jirani yangu hapa Soweto West, Kibera. Ukuta wetu ni bati moja tu. Akikohoa, mimi nasema pole. Mumewe Jeconia ni seremala. Filister mwenyewe kazi yake ilikuwa maktaba ya chuo kikuu, kugonga mihuri kwa vitabu vinavyotoka na vinavyorudi. Ukimwona asubuhi akiruka mitaro, viatu vya kazi ndani ya karatasi ya nailoni, ungesema ni mama tu kama sisi. Lakini nilichokiona mwaka wa tisini na nne, mpaka leo nikikisimulia mwili unasisimka.

Kulikuwa na jambo lililomnyima Filister raha. Wanafunzi wapya walikuja kwa meza yake wakisema, "Nipe kitabu cha uchumi," kama mtu anayeitisha nusu ya sukari. Wakipewa, wanaamini kila neno. Yeye alitaka wafundishwe kutafuta wenyewe, na kupima walichokipata. Mkuu wake, Bwana Wanzala, aliona inatosha waonyeshwe rafu ziko wapi na choo kiko wapi. Filister akamsumbua mpaka mzee akachoka.

"Nakupa saa moja, Jumatano. Nitakaa nyuma. Nisipoona tofauti, unarudi kwa mihuri yako, na hii maneno iishe."

Jioni hiyo akaja kwangu, mimi nyanya wa mtaa mzima.

"Shosho, wewe ndiye mwongo mkubwa kuliko wote ninaowajua."

"Asante, mama."

"Nataka uje unidanganyie wanafunzi."

Sijawahi kuheshimiwa hivyo. Nilivaa sweta ya kanisa.

Mimi nimeona mengi, na mengine nikajiongezea. Lakini ile maktaba sikuwa na la kuongeza. Kulikuwa na makabati ya droo ndogondogo kutoka ukuta huu hadi ule, na kila droo imejaa kadi, na kila kadi inajua mahali kitabu kimoja kimelala. Watu wengi walioandika vitabu hivyo wamekufa, Filister akaniambia, lakini ukiuliza vizuri bado wanajibu. Nikanyamaza. Waulize watu wa Soweto kama nimewahi kunyamaza.

Basi nikasimama mbele ya vijana, nikawapa hadithi yangu ya zamani. Mwaka wa mafuriko, kabla ya Uhuru, kiboko alitoka bwawani, akapanda mpaka mtaa wa Sarang'ombe, akamaliza shamba zima la sukuma wiki, akalala kwa reli. Treni ikasimama. Dereva akapiga honi. Kiboko akapiga miayo, kofia ya dereva ikaingia mdomoni.

Walicheka. Filister hakucheka.

"Mnaamini? Msiniambie. Katafuteni. Na msitafute hadithi nzima, ivunjeni. Mvua ni kitu kimoja, reli kingine, kiboko kingine."

Wakatawanyika kwa droo kama kuku waliomwagiwa mahindi. Kijana mmoja, Tonny, akarudi upesi. "Kiboko hakuna."

"Umetafuta kwa jina moja tu?"

Akarudi kwa droo, shingo chini. Msichana anaitwa Bridgit alianza na mafuriko. Kadi ikampeleka kwa rafu, rafu ikampeleka kwa magazeti ya zamani yaliyofungwa pamoja, mazito kama mawe ya kusagia. Akaja na vumbi mpaka kwa nyusi.

"Mafuriko ni kweli. Reli ilifunikwa na maji. Treni ilikwama. Kiboko hayuko."

Ile treni nilijua nimeitunga mwenyewe! Na ile mvua, niliyoivuka mtoto akiwa mgongoni, nikadhani hakuna aliyejali, ilikuwa imekaa pale miaka yote, na tarehe yake.

"Basi shosho ni mwongo," Tonny akasema.

"Pole pole," Filister akamjibu. "Hilo gazeti siku hizo liliandikiwa nani? Lingetuma mtu Kibera kuuliza nani amekula sukuma ya mama fulani?"

Ndipo Bwana Wanzala akasimama kule nyuma.

"Mnapoteza wakati. Hiyo ya kiboko ni kweli. Naijua tangu nikiwa mdogo."

Nilimwona Filister akishika ukingo wa meza. Akimpinga mkuu, saa yake imekwisha. Akimkubali, somo limekufa. Ni Bridgit aliyegeuka, penseli mkononi.

"Bwana Wanzala, uliona mwenyewe?"

"Mjomba wangu Shiundu aliniambia. Alikuwa mtu wa reli."

"Yeye aliona?"

"Yeye aliambiwa na... na mama mmoja wa Kibera aliyekuwa akimuuzia mandazi..."

Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Dari nzuri sana.

"Kwa hivyo," Bridgit akasema, akiandika, "mashahidi wetu wawili ni huyu shosho mmoja."

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia Filister, "Jumatano ijayo utahitaji viti vingapi?"

Kesho yake, kwenye foleni ya mfereji, nikawasimulia wamama zile droo, na wafu wanaojibu ukiuliza vizuri. Mama Ogola akaweka mtungi chini.

"Shosho, uliona mwenyewe?"

"Niliona! Haki ya Mungu, niliona!"

Wakacheka mpaka maji yakafurika. Filister alikuwa nyuma yangu. Nikamgeukia, shahidi wangu wa pekee, na huyo mwanamke akainama kukaza kifuniko cha mtungi, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.