Ng'ombe wa Uru Hawatembei

Elinipendo wa Njoro, Moshi mjini, alikuwa na alama nzuri chuoni, ila hakuwa na pa kufanyia mafunzo ya vitendo. Alikuwa mwaka wa mwisho wa kompyuta, na kila ofisi ya Moshi aliyobisha hodi ilimuuliza uzoefu, kana kwamba uzoefu unauzwa sokoni. Mwishowe chama cha wafugaji kule Uru kikampokea kwa hiyo field. Akajiapiza: watu hawa wataniajiri, wapende wasipende.

Mwenyekiti, mzee Eliudi, alitaka jambo moja tu. "Mwanangu, mkutano mkuu haufanyiki, akidi haitimii. Nitafutie namna ya kuwaita wote kwa simu."

Elinipendo akatengeneza mfumo wa kutuma ujumbe. Siku ya kuujaribu aliandika lililomjia kichwani, akidhani linakwenda kwenye simu yake peke yake: "Kesho saa tatu leteni ng'ombe wote ofisini, kuna chanjo." Likawafikia wanachama wote. Masikini mtoto wa mjini, hata hakujua kwamba ng'ombe wa Uru huzaliwa bandani, hulishwa bandani na kuzeekea humo humo.

Asubuhi alikuta uwanja umefurika watu waliovimba kwa hasira. Ng'ombe alikuwa mmoja tu, wa bibi Elisifa, amelala katikati ya njia na amegoma kuinuka. Elinipendo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee Eliudi akachuma jani la isale kwenye uzio, akampa Elinipendo. Hilo alilijua hata yeye: Mchaga akiombwa radhi kwa isale, hakatai.

"Shikamoo bibi," akasema, amelishika kwa mikono miwili. "Nimekosa. Nilikuwa najaribu tu, hakuna chanjo."

Bibi akalipokea. "Marahaba, mjukuu wangu. Yameisha. Lakini ng'ombe kumtembeza hivi, kwani ni mtalii?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Eliudi hakucheka. Alikuwa anahesabu vichwa kwa kidole.

"Jamani, kaeni chini! Akidi imetimia!"

Mkutano ukafanyika pale pale kwenye majani. Walipofika kwenye mengineyo, bibi Elisifa akasimama.

"Mwenyekiti, wewe umetuita miaka na hatuji. Huyu katuita mara moja, nimekuja mpaka na ng'ombe. Akimaliza chuo, aajiriwe hapa."

Mikono ikainuka uwanja mzima. Elinipendo akalia kwa furaha mbele ya watu wote, wala hakuona haya.