Nani Kashika Kipaza Sauti

Shangwe alikuwa na mdomo wa kulisha ukoo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti, kwa sababu mji mzima ulimjua kwa hilo la Shangwe, na harusi ambayo hakuiongoza yeye ilihesabiwa kuwa ni kikao tu chenye chakula. Alikuwa mshereheshaji, tena si wa kubabaisha. Bwana harusi akichelewa, Shangwe aliwachekesha watu mpaka wakasahau kuwa kuna bwana harusi. Umeme ukikatika, alisema ndivyo ilivyopangwa, ili maharusi waone nani kati ya wageni anang'aa kwa sura yake mwenyewe. Mashemeji waliotoka kukunjana mashati nje ya ukumbi aliwakaribisha ndani kama "nguzo mbili za ukoo huu," na nguzo zenyewe zikapeana mikono kwa haya. Funika kombe mwanaharamu apite: wengine huitaja kama methali, kwake yeye ilikuwa kazi.

Lakini alikuwa na jambo lililomkera kimoyomoyo. Maneno yake yote yalikufa Jumapili. Watu walikumbuka keki, walikumbuka gauni, walikumbuka hata mtoto aliyeanguka na soda, ila alichosema Shangwe hakuna aliyekikumbuka ikifika Jumatatu. Naye alitaka siku moja aseme kitu kitakachosimama Jumatatu. Basi akiwa na zaidi ya miaka arobaini, na kitambi chake cha heshima, alijiandikisha chuo cha ualimu kusomea fasihi, akakaa dawati moja na vijana waliomwamkia "shikamoo" kila asubuhi kabla ya kumwazima kalamu.

Somo lililomtoa jasho lilikuwa uandishi wa insha za kitaaluma na utafiti. Mwalimu wake alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye kalamu nyekundu na subira ndogo, na wanachuo walimwita Mama Kwa Nini, maana hilo ndilo alilowaandikia pembeni mwa kila sentensi. Hakuwafundisha utafiti kwa kanuni. Aliwapa riwaya moja fupi muhula mzima na swali moja tu la kujibu. Riwaya yenyewe ilimhusu mjane aliyeachiwa duka la vitambaa na marehemu mumewe. Ndugu wa mume wanakaa vikao juu ya vikao kuamua duka liendeshwe na nani, na mwisho mjane anaziweka funguo mezani, anaondoka zake. Swali likawa: aliondoka kwa nini?

Insha ya kwanza ya Shangwe ilianza hivi: "Awali ya yote, napenda kumshukuru mwandishi wa kitabu hiki kwa kazi nzuri na iliyotukuka." Kutoka hapo akamsifu mjane kwa uvumilivu, akamsifu shemeji mtu kwa kujali mali ya marehemu, akawasifu wazee wa kikao kwa hekima, na alipokosa wa kumsifu akayasifu mapazia ya duka. Ilikuwa tamu mno. Kijana mmoja aliyeketi nyuma aliisoma akapiga makofi. Mama Kwa Nini aliisoma akaandika chini yake: "Umemshukuru kila mtu. Wewe unasema nini?" Akamwangusha.

Kanuni ya chuo haikuwa na masihara. Aliyeanguka somo hilo alirudia mara moja, kwa insha ya kusomwa na kutetewa mbele ya mwalimu na mtahini kutoka nje ya chuo, na akianguka tena alifungasha. Shangwe alikwenda ofisini kwa mwalimu na tabasamu lake la harusini, lile la kuwalainisha mama wakwe.

"Mwalimu, mimi naomba tu unielekeze nilipokosea."

"Hujakosea popote," mwalimu alimjibu bila kuinua macho. "Ndiyo shida yako. Hakuna sentensi humu ambayo mtu anaweza kuikataa. Kaniandikie kitu ambacho mtu atakukatalia, halafu unithibitishie kwa kurasa za kitabu."

"Sasa mwalimu, kazini kwangu mtu akinikatalia haniiti tena."

"Hapa asipokukatalia mtu, hutarudi muhula ujao. Chagua."

Alitoka pale ameloa kama mpiga mbizi. Wiki nzima alikisoma kitabu bila kupata cha kusema zaidi ya kwamba mapenzi ni kitu kizuri na ukoo ni kitu kizito, mambo ambayo hata asiyesoma kitabu anayajua. Vijana wenzake walikuwa na misamiati mizito ya uhakiki, wakiirusha kama karata. Yeye hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kazi, na hapo ndipo mtu hana budi kumvulia kofia, maana aliacha kuyaonea aibu mazoea hayo akayatia kazini.

Mshereheshaji, hata akila, hata akicheka, kuna jambo moja haliachi: anajua wakati wote kipaza sauti kiko mkononi mwa nani. Kikitoka kwa mjomba kimeenda kwa shangazi, na shangazi asipozuiwa atakwenda nacho mpaka alfajiri. Shangwe akaanza kukisoma kitabu namna hiyo. Alichukua penseli, na kila mtu aliposema neno alichora pembeni kipaza sauti kidogo na kuandika nani kakishika. Alipomaliza, akarudi mwanzo kukagua, akashtuka. Shemeji mtu alikuwa nacho kurasa na kurasa. Wazee walikuwa nacho. Jirani muuza mkaa, ambaye hana hata undugu na marehemu, alikuwa nacho. Mjane, ambaye ndiye mwenye kitabu, hakuwa nacho hata mara moja. Kila alipotakiwa kusema, kuna mtu alimsemea.

Akaandika sentensi ya kwanza maishani mwake iliyoweza kukataliwa: mjane hakuondoka kwa huzuni wala kwa kiburi, aliondoka kwa sababu katika nyumba ile hakupewa nafasi ya kusema hata neno moja. Mama Kwa Nini aliisoma rasimu, akageuza karatasi nyuma na mbele, kisha akasema, "Endelea." Waliomjua walimwambia Shangwe kwamba hilo, kutoka kwa mama yule, ni vigelegele.

Jumapili moja mchana, siku mbili kabla ya kukabidhi insha, Shangwe alisimama katikati ya sebule akaisoma kwa sauti, kwa mikono, kwa vituo, kama anayekaribisha mgeni rasmi. Mkewe alikuwa kwenye kochi akikunja nguo za watoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, au ndivyo watu walivyodhani. Shangwe alipofika kwenye "hata neno moja," alinyamaza ili sifa zije.

"Si kweli," mkewe alisema.

"Nini si kweli?"

"Anasema. Pale mlangoni, shemeji yake anapoleta makufuli mapya."

Shangwe alicheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto. "Mama watoto, kitabu hiki nimekichora kote mpaka hakina pembe."

"Ukurasa wa themanini na moja," mkewe alisema, akaendelea na soksi.

Kumbe muhula wote ule, Shangwe akiwa kwenye harusi za watu, yeye alikuwa akikichukua kitabu pale kwenye kabati na kukisoma. Shangwe alifungua ukurasa. Ulikuwa ukurasa mrefu wa maelezo ya makufuli, ukubwa wake na mng'ao wake, na yeye aliupita haraka kwa kuwa alikuwa akiwinda mazungumzo. Katikati ya makufuli yale, mwandishi alikuwa ameuweka mstari mmoja: mjane akasema hataki duka, anataka kurudi kufundisha, shemeji akaomba maji ya kunywa.

Shangwe alikaa chini.

"Uliliona hili lini?" aliuliza.

"Wiki iliyopita."

"Mbona hukuniambia?"

 Mkewe alilikunja shati, akalinyoosha kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine.

Kilichofuata si kigumu kukielewa. Shangwe alimpigia simu mwanachuo mwenzake, nesi mmoja mcheshi waliyekuwa wakisoma pamoja, akamweleza balaa lililomkuta. Nesi hakusita. "Kaka, lifunike. Mstari mmoja kwenye kitabu kizima, nani ataukumbuka? Huyo mtahini wa nje kaletewa vitabu kama gunia. Wewe soma kwa sauti yako hiyo, watalala usingizi mtamu."

Na Shangwe alijua kuwa angeweza. Aliyefunika kukatika kwa umeme atashindwa kufunika mstari? Angesoma kwa mbwembwe pale penye nguvu, angeweka mzaha karibu na makufuli, na watu wangecheka wakapita. Akikiri, insha yake inabomoka kwenye mlango wa kukabidhi, na hakuna muhula mwingine unaomsubiri. Alizunguka sebuleni, akatoka uani, akarudi. Alitamani kufunika, tena alitamani sana.

Lakini kila alipojaribu kuupita ukurasa ule, aliona kuwa anarudi kulekule alikokimbia. Itakuwa tamu, itapigiwa makofi, na Jumatatu itakuwa imekufa. Mficha uchi hazai. Akaketi mezani, akaikata ile sentensi yake ya fahari, na kuanzia mchana ule mpaka siku ya kukabidhi akaandika upya. Wala haikuwa kubomoa kama alivyoogopa. Mtu asiyepewa kipaza sauti anaweza kusubiri zamu yake. Mtu aliyekishika, akasema, na aliyekuwa mbele yake akaomba maji, huyo anasubiri nini tena? Kumbe mstari alioogopa ungemwangusha ndio uliokuwa na jibu. Mwishowe akaongeza tanbihi, yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa ambako mwandishi humtaja aliyemsaidia, akakabidhi.

Siku ya kuitetea insha, Mama Kwa Nini aliketi na mtahini wa nje, mwalimu mwembamba mwenye sweta, aliyekuwa akichonga penseli. Shangwe alisimama mbele yao bila tabasamu la mama wakwe. Alieleza alivyohesabu wasemaji, akaeleza alivyofikia hitimisho la kwanza, halafu akasema, "Hitimisho hilo nililipenda sana, na lilikuwa kosa. Naomba nisome ukurasa unaolikataa." Akausoma polepole, makufuli na yote.

Mtahini aliweka penseli chini. "Kosa hili uliligundua mwenyewe?"

"Hapana, mwalimu. Aliliona mke wangu."

"Mkeo ni mtaalamu wa fasihi?"

"Hapana. Yeye alikisoma kitabu."

Mama Kwa Nini alikohoa kukificha kicheko. Mtahini alirudi kwenye karatasi, akatafuta tanbihi, akaisoma, akatikisa kichwa kukubali. Kisha wakamhoji kweli kweli, swali juu ya swali, na yapo mawili aliyowajibu kwamba hajui. Mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu mbele ya watu alisimama pale akasema "sijui" kwa sauti ile ile ya kutangaza keki, na mbingu hazikuanguka. Walimtoa nje, wakamwita ndani, wakamwambia amefaulu. Mama Kwa Nini aliongeza kuwa insha ile angeitumia kufundishia darasa la mwaka unaofuata.

Alirudi nyumbani na insha kifuani kama mtoto mchanga. Hakuwa na hotuba. Njiani alijaribu kuitunga, ikamshinda. Alimkuta mkewe jikoni, akamfungulia tanbihi, akamwonyesha kwa kidole. Pale chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo za chapa, palikuwa na jina la mkewe. Hakuandika Mama watoto, wala mke wa Shangwe. Aliandika jina kamili alilotoka nalo kwa baba yake, ambalo tangu waoane lilikuwa likiitwa kliniki tu. Mbele yake palikuwa na maneno kwamba yeye ndiye aliyeuona ukurasa wa themanini na moja na kumwonyesha mwandishi siku ya Jumapili.

Mkewe aliifuta mikono yake, akaishika karatasi, akasoma mara mbili. Macho yalimlowa, na hakujificha.

"Jina umelipatia," alisema. "Siku ndiyo umekosea."

"Si ilikuwa Jumapili?"

"Jumapili ndiyo siku uliyosikia." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayesahihisha bei ya nyanya. "Nilikuambia Jumanne, ukaniuliza soksi nyeusi ziko wapi. Nikakuambia tena Ijumaa, ukaniambia chai imepoa."

Shangwe alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yalikuwa yamejipanga mlangoni kama kawaida yao, na yote yalikuwa mazuri. Akaufunga. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya watu elfu, na hapakuwa na ukumbi wa kuuchekesha. Akachukua kalamu, akaikata Jumapili, akaandika Jumanne. Kisha akavuta kiti, akakaa, akamwuliza mkewe yeye anadhani mjane aliondoka kwa nini, na akasubiri.