Fundi Mwenye Vumbi Jeupe

Cheka ukitaka, lakini Chebet yuko hai, na ukimuuliza hatakataa. Mwaka wa 2007 mimi na yeye tulikuwa na saiba, duka la intaneti, pale Nakuru, na nilikuwa nimepanga kumposa kabla ya Krismasi.

Virusi vilikuwa vimemaliza kompyuta zetu, nikaamua kuweka Linux, mfumo wa bure ambao virusi haviuwezi kirahisi. Ziko za aina nyingi. Mimi nikachukua sidii ya ile mpya kabisa kwa sababu saiba ya ng'ambo ya barabara walikuwa nayo, na sikutaka wanishinde. Mashine zetu zilikuwa mitumba, zenye memori kiduchu. Kila nikijaribu, skrini nyeusi tii. Chebet ameketi kando yangu, nami nataka anione fundi!

Alasiri moja, mvua ikimwagika, akaingia mwanamume mrefu. Nguo kavu. Viatu vimejaa vumbi jeupe, kama la machimbo ya Kariandusi. Niambie wewe, mvua ile ilimkosaje?

"Boss, hii mashine imezeeka na unaibebesha mzigo ya lori," akasema, akitoa sidii yake. "Weka hii, ni nyepesi. Na usi-install na ile skrini ya picha, tumia ile ya maandishi tu."

Maneno alinipa mimi, macho akampa Chebet. Na Chebet, ambaye kwangu hucheka kwa shida, alicheka mpaka akashika meza. Yule fundi akaiweka sidii yake, mashine zikawaka moja baada ya nyingine. Kwa wivu nikamwambia atoke. Akamshika Chebet mkono, polepole, akamwachia, akaenda zake.

Nikakimbilia kwa Singh, jirani yetu muuza vifaa vya umeme. "Huyo fundi ameenda wapi?"

"Fundi gani? Mimi nimekaa hapa mlangoni tangu mvua ianze. Hakuna mtu ametoka kwako."

Chebet nilimwoa. Mashine zile hazikukwama tena. Lakini niamini, kila asubuhi kibodi yake, yake pekee, huwa na alama nyeupe za vidole. Mimi hufuta. Yeye husema ni vumbi la barabarani. Wiki iliyopita niliamka kabla yake, nikaziona alama zilezile shavuni mwake.

Kwa hivyo wewe ambaye mashine imekushinda, tafuta Linux inayoiweza, jaribu, shindwa, anza tena. Akiingia fundi ambaye hukumwita, mfukuze kabla hajagusa kitu. Afadhali skrini nyeusi kuliko kulala na mke anayetabasamu usingizini, nawe unajua hakuoti wewe.