Dawa Mpya ya Mzee Anyosisye

Mwaka 1938, huko Isongole, Tupokigwe alitimiza miezi minane bila kugusa meza ya Bwana. Kosa lake ni kuwachemshia wagonjwa wa kikohozi mizizi na asali. Aliyemfungia ni Mzee Anyosisye, mzee wa kanisa na baba mkwe wake, mtu aliyeamini kwamba mwanamke akichimba kitu porini, shetani ndiye aliyeshika jembe.

Kujitetea hakuweza. Kwa desturi ya Wandali, mke wa mwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Mzee akikohoa njiani, Tupokigwe anachupa migombani. Masika ile mzee alikohoa mno, mama wa watu akawa anashinda huko huko migombani.

Ezron, dresa wa zahanati, alikuwa na chupa tele na dawa hana. Mvua ilikuwa imekata barabara. Akaenda kwa Tupokigwe kwa mlango wa nyuma, akajaziwa chupa, akabandika karatasi: "Dawa Mpya ya Kikohozi." Mzee akanywa, akapata nafuu, na Jumapili akasimama kanisani kusifu akili za Wazungu. Tupokigwe, kwenye benchi la mwisho, shuka usoni, alitamani kumtwanga na kitabu cha nyimbo. Ilimuuma sana.

Chupa ilipokwisha, kikohozi kikarudi. Ezron alikuwa amechoka kuficha. "Mzee, dawa hii inapikwa nyumbani kwa mwanao."

Kesho yake mzee akaenda, akaketi nje ya jiko la Tupokigwe, mgongo ukutani.

"Wewe ukuta," akasema, "ile dawa ipo?"

"Ukuta, mwambie baba ipo," Tupokigwe akajibu kutoka ndani, maana ukuta si mkwe wa mtu. "Ila ni ya shetani. Wazee wa kanisa hawainywi."

Mzee akakohoa mpaka kofia ikamdondoka. "Ukuta, mwambie aje mezani siku ya Pasaka."

"Ukuta, mwambie baba ayaseme hayo kanisani, watu wote wasikie."

Mzee akaokota kofia yake. "Ukuta huu una mdomo," akasema. "Haya, nitasema."

Chupa ikatolewa dirishani.

Siku ya Pasaka mzee akasema kweli, ingawa kwa sauti ndogo, kwamba dawa aliyoisifu ni ya mke wa mwanawe. Kisha akampitishia kikombe huku amempa mgongo, mkono nyuma, na nusu ya divai ikamwagikia gauni jeupe la Tupokigwe. Akanywa iliyobaki huku akilia. Gauni lile hakulifua mpaka Krismasi, na kila Jumapili alilivaa.