Flashi ya Mama Mkwe

Mtu aliyesoma chuo kikuu hukawia kuuliza. Nilipotaka kuweka Linux, mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, nilichukua flashi iliyokuwa kabatini, nikaifuta, nikaipakia mfumo huo, nikaitumia, nikairudisha.

Ijumaa mama mkwe, mgeni wetu kutoka Malindi, aliichomeka flashi hiyohiyo kwenye redio ili majirani wamsikie akiimba kaswida na wenzake. Redio ikanyamaza. Nikaelewa nilichokuwa nimekifuta.

“Redio imekufa, mama,” nikasema kitaalamu.

“Basi tusikilizie kwenye kompyuta, baba. Si umesema sasa haishindwi na kitu?”

Kabla sijapata uongo mwingine, mke wangu alikwisha kuihamisha flashi na kuiwasha kompyuta. Kioo kikaandika: “Karibu usakinishe Linux.”

Mama mkwe akasogeza kiti. “Mbona sisi hatumo?”